Tapeti zinazogonga na tapeti zilizobana: zipi zinaua injini ya pikipiki?

Pikipiki ikishakula miaka, huanza kulia juu ya silinda: tiki-tiki-tiki, na ukipiga resi mlio unaenda kasi. Hapo kijiweni kila mtu ana dawa yake. Mmoja atasema oili nyepesi. Mwingine atasema cheni ya taimingi. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye spana mkononi, atasema "hizo tapeti, lete nikaze". Injini bado inachoma kutoka barabarani, lakini hasubiri: anafungua kifuniko, anazungusha hizo tapeti, yaani skrubu mbili ndogo zinazobonyeza valvu, huku ametega sikio, anafunga. Kelele kwisha. Mteja analipa na kuondoka akisifu.

Wiki kadhaa baadaye pikipiki hiyohiyo asubuhi inawaka vizuri, lakini ikishapata moto inagoma. Silensa, yaani mngurumo wa injini bila resi, haikai, ukiachia tu inazima. Kilima kilichokuwa kinapandwa kwa gia ya tatu sasa kinataka ya pili. Kabureta inasafishwa, plagi inabadilishwa, koili inashukiwa. Siku ile kelele ilipoondoka hakuna anayeikumbuka, wala anayeihesabu kuwa chanzo.

Kinachochanganya watu hapa ni imani moja kubwa, kwamba tapeti nzuri ni ile isiyosikika. Ukiangalia kazi yenyewe inavyokwenda ndani ya injini, utaona kwamba tapeti iliyo kimya kabisa inatisha kuliko ile inayolia kidogo.

Mfano nitakaoshika hapa ni Honda CG125 pamoja na nakala zake nyingi za Kichina za cc 125 na 150 zilizojaa Afrika Mashariki kwa majina ya kila aina. Honda iliitoa CG mwaka 1976 ikiwalenga watumiaji wa nchi ambako pikipiki hubeba mzigo mzito, hupita vumbini na kucheleweshewa huduma. Ilitengenezwa Japani, halafu kuanzia 1985 zaidi Brazil, na Pakistan imeendelea kuundwa miaka mingi baada ya hapo. Ukielewa injini hii, nyingine ndogo hazitakusumbua.

Vitu vinavyotajwa

Injini ya pikipiki kama hii ni ya mapigo manne. Pistoni inashuka kuvuta mchanganyiko wa petroli na hewa, inapanda kuubana, inasukumwa chini na mlipuko, kisha inapanda tena kutoa moshi. Katika safari hizo nne kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, imezunguka mara mbili. Kumbuka hiyo mara mbili, maana ndiyo inayowaangusha mafundi wengi tutakapofika kwenye kupima.

Milango ya kuingiza mchanganyiko na kutoa moshi hufungwa na valvu mbili. Ya inleti iko upande wa kabureta, ya ekzosi iko upande wa bomba la moshi. Kila valvu ina kichwa bapa cha duara na mti mwembamba mrefu. Kichwa hukaa kwenye siti, yaani pete ya chuma kigumu iliyopachikwa kwenye silinda hedi, na springi huishikilia hapo ibaki imefunga. Kinachoifungua ni roka, mkono mfupi wa chuma unaochezea katikati: upande mmoja unainuliwa, upande wa pili unabonyeza mti wa valvu.

Kinachoiinua roka ni kamshafti, shafti yenye vinundu inayozunguka. Kwenye Boxer, TVS na nyingine nyingi za siku hizi, kamshafti iko juu kwenye hedi na inaendeshwa na cheni ya taimingi. Kwenye CG iko chini, karibu na kranki, inaendeshwa kwa gia. Nguvu yake hupandishwa juu na fimbo mbili ndefu zinazoitwa pushirodi. Cheni ya taimingi haipo kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia CG yako inalia cheni ya taimingi, mshukuru kwa nia njema halafu tafuta fundi mwingine.

Mwishoni mwa roka, pale inapogusa mti wa valvu, kuna skrubu ndogo yenye nati ya kuifungia. Hiyo ndiyo tapeti ya fundi wa mtaani, na "kuseti tapeti" ni kurekebisha nafasi iliyopo kati ya ncha ya skrubu hiyo na mti wa valvu wakati valvu imefunga. Kwenye CG125 ya Honda nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Karatasi ya kawaida ya kutolea kopi ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo tunazungumzia upenyo ambao karatasi hiyo haipiti.

Nakala za Kichina hutofautiana, na zipo injini ambazo ekzosi hupewa nafasi kubwa kuliko inleti kwa sababu ndiyo inayopata moto zaidi. Namba ya kufuata ni ya kitabu cha injini yako. Namba ya pikipiki ya jirani muachie jirani.

Kwa nini iachwe nafasi?

Chuma kikipata moto hurefuka. Injini ikiwa baridi, pengine unaweza kuikutanisha skrubu na mti wa valvu hadi vigusane bila upenyo wowote, na ikawaka, tena kimya kama imetoka dukani. Shida inaanza ikipata moto. Valvu inarefuka, juu yake roka imeshaziba njia, na kwa kuwa haina pa kurefukia, inasukumwa kidogo kutoka kwenye siti. Pistoni inabana, lakini mlango haujafunga sawasawa. Ni sufuria ya wali ambayo mtu amesahau mwiko ukingoni: mfuniko upo, moto upo, mvuke unatokea pembeni na wali hauivi.

Kwa valvu ya inleti hasara yake ni kompresheni, ule mbano wa pistoni, kupungua na injini kukosa nguvu. Kwa ekzosi mambo ni mabaya zaidi. Moshi unaopita pembeni ya kichwa chake una joto la mamia ya nyuzi, na mahali pakuu pa valvu hiyo kupunguza joto ni ile siti. Zaidi ya nusu ya muda wa injini kuzunguka, valvu inatakiwa iwe imekaa juu ya siti, joto likihamia kwenye hedi na kutoka kwa mapezi ya nje yanayopulizwa na upepo. Isipogusa siti vizuri, joto halina pa kwenda. Wakati huohuo, kila mlipuko unapenyeza ulimi wa moto kwenye ule upenyo mdogo, na ulimi huo unakula ukingo wa valvu. Ukingo ukiliwa upenyo unakua, na upenyo ukikua unapitisha moto mwingi zaidi. Mafundi husema valvu imeungua, na wako sahihi kabisa.

Sasa geuza upande wa pili. Nafasi ikiwa kubwa kuliko inavyotakiwa, roka inakwenda hewani kabla ya kuigonga valvu. Hiyo ndiyo tiki-tiki. Valvu inachelewa kufunguka, inawahi kufunga na haiinuki kimo chake chote, hivyo injini inavuta pumzi fupi na kupoteza nguvu kiasi. Mgongano nao, ukiachwa miezi, unachimba ncha ya skrubu na mti wa valvu. Kwa mzunguko wa 6,000 kwa dakika kila valvu hufunguka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo hata kigongo kidogo hulimbikiza madhara. Ila kumbuka tofauti: tapeti iliyolegea inakupigia kelele na kukupa muda, iliyobana inachoma valvu bila kukwambia kitu.

Kuna jambo jingine ambalo hata madereva wazoefu hawalijui. Nafasi haipanuki tu kadiri pikipiki inavyozeeka. Roka, ncha ya skrubu, pushirodi na kamshafti zikilika, nafasi inaongezeka na kelele inakuja. Lakini kichwa cha valvu nacho kinapigwa kwenye siti mamilioni ya mara, vinalana, na valvu inazama kidogo kidogo ndani ya hedi. Ikizama, mti wake unapanda juu kuelekea skrubu, na nafasi inapungua. Ipi itashinda inategemea injini, oili na barabara. Ndiyo maana pikipiki kuukuu iliyokuwa ikilia halafu ikanyamaza yenyewe bila mtu kuigusa ni ya kupimwa haraka. Mwenye nayo akidhani imejiponya, ajue chuma hakijiponyi.

Kupima, hatua kwa hatua

Injini iwe baridi. Vitabu vya Honda husema chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, na Dar es Salaam mwezi wa Februari hilo linamaanisha asubuhi, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha. Najua ugumu wake. Dereva ana hesabu ya bosi ya kupeleka jioni, na asubuhi ndipo abiria wanapojaa. Lakini joto hubadilisha nafasi, tena halibadilishi valvu zote mbili kwa kiasi sawa, na namba ya kitabuni ni ya chuma kilichopoa. Anayeseti saa saba mchana injini ikichoma mkono anatumia namba sahihi mahali pasipo pake.

Osha eneo la kifuniko na la plagi kabla ya kufungua chochote. Vumbi jekundu likigandamana na oili hukaa pale kama udongo wa kufinyangia, na ukifungua bila kuosha litaangukia ndani. Ondoa plagi ili kranki izunguke kwa wepesi bila kupambana na kompresheni. Kisha toa kifuniko cha juu cha roka.

Upande wa kushoto wa injini ndiko iliko magneti, gurudumu la sumaku lililofungwa kwenye ncha ya kranki. Kwenye matoleo mengine utatoa kava lote, kwenye mengine kuna vifuniko viwili vya kufungulia: kimoja cha kuingiza soketi kwenye nati ya magneti, kingine cha kuchungulia alama. Kwenye magneti pamechongwa herufi T na F. F ni ya moto wa plagi, achana nayo. Unatafuta mstari wa T usimame sambamba na alama iliyo kwenye bodi ya injini, maana hapo pistoni iko juu kabisa. Zungusha magneti kuelekea upande ambao tairi huzungukia pikipiki ikienda mbele. Ukiwa umekaa kushoto kwake, ni kinyume cha mshale wa saa. Ukikosa soketi, weka pikipiki kwenye stendi ya kati, ingiza gia ya juu na uzungushe tairi la nyuma kwa mkono.

Hapa ndipo ile kranki ya kuzunguka mara mbili inapoleta balaa. Katika mapigo manne pistoni hufika juu kabisa mara mbili, na T inasimama kwenye alama mara zote mbili. Mara moja ni mwisho wa kubana, valvu zote zimefunga, na hapo ndipo pa kupimia. Mara ya pili ni mwisho wa kutoa moshi, ambapo ekzosi inamalizia kufunga na inleti imeshaanza kufunguka. Fundi akipimia hapo atakuta roka zote zimekaza, atasema "tapeti zimebana sana hizi", atalegeza skrubu mpaka apate upenyo, na pikipiki ikiwashwa italia kama cherehani. Halafu atalaumu roka kuukuu.

Kuhakikisha ni rahisi. T ikiwa kwenye alama, shika kila roka kwa vidole uicheze juu chini. Zote mbili zinatakiwa ziwe na mchezo mdogo sana, unaosikika kwenye vidole zaidi ya kuonekana kwa macho. Kisha zungusha magneti kidogo upande huu na kidogo upande ule wa alama. Roka zikitulia, uko mahali pake. Zikianza kusogea, moja ikipanda na nyingine ikishuka, zungusha kranki duara moja zima hadi T irudi tena. Kama hata kwenye T ya pili roka moja haina mchezo wowote, hukukosea: tapeti hiyo imebana, na umeipata kabla haijakugharimu hedi.

Kifaa cha kupimia ni fila, kile kishada cha vibati vyembamba vilivyoandikwa unene wake. Ukinunua, angalia kwanza kama kina 0.05, 0.08 na 0.10, kwa sababu vingine vimetengenezwa kwa ajili ya magari na vinaanzia juu zaidi. Ingiza kibati cha 0.08 kati ya skrubu na mti wa valvu. Kinatakiwa kipite huku kikikwaruzwa kidogo. Mkono mgeni hauujui huo mkwaruzo, kwa hiyo usiuamini peke yake. Tumia vitatu: cha 0.05 kipite bila kushikwa, cha 0.08 kipite kikishikwa kidogo, na cha 0.10 kigome. Vikijibu hivyo, funga kifuniko na usiguse skrubu. Kupima hakukulazimishi kurekebisha, ingawa wapo mafundi wanaoona aibu kufungua injini na kuifunga bila kukaza kitu.

Kabla hujalegeza chochote, andika ulichokikuta. "Inleti 0.10, ekzosi 0.04" ni habari kubwa kwa mtu atakayefungua injini hiyo safari ijayo, na tutaona faida yake hapo chini.

Kama panahitaji kurekebishwa, shika skrubu kwa kifaa chake (kichwa huwa cha mraba mdogo, au kina mkato wa bisibisi), legeza nati, kisha zungusha skrubu taratibu sana. Ukiizungusha kufuata mshale wa saa inashuka na nafasi inapungua. Kinyume chake nafasi inaongezeka. Mkono uwe mwepesi. Kama uzi wa skrubu ni wa nusu milimita, duara zima linasogeza milimita 0.5, kwa hiyo ile 0.08 yote unayoitafuta ni kama moja ya sita ya duara. Robo duara imeshapitiliza.

Halafu kuna kazi inayoudhi, nayo ndiyo inayomtenganisha fundi na mbabaishaji. Ukiikaza nati, skrubu inapenda kuifuata. Umepata 0.08 nzuri, umekaza, umepima tena, imekuwa 0.05. Unalegeza, unaanza upya. Dawa yake ni kuishikilia skrubu isizunguke hata chembe huku mkono wa pili ukikaza nati, na kibati kikiwa bado ndani. Nati yenyewe haitaki nguvu za kufungua tairi la lori. Uzi wake ni mdogo na ukishachunika utatafuta roka nyingine. Ukimaliza zote mbili, zungusha kranki mara mbili, rudi kwenye T na upime tena. Ukikuta namba zilezile, funga.

Umeseti sawasawa na bado inalia

Hii ndiyo hali inayowashawishi mafundi "waongeze kidogo". Usikubali. Injini zilizopozwa kwa upepo, zenye roka na pushirodi, zina mlio wake wa kawaida, na CG haijawahi kuwa kimya tangu ikiwa mpya.

Pia angalia ncha za vyuma. Mti wa valvu ukigongwa miaka, skrubu huchimba kishimo kidogo juu yake. Kibati cha fila ni bapa, hakiingii kwenye kishimo; kinakaa juu ya kingo zake kama daraja. Unasoma 0.08, lakini ndani ya kishimo nafasi halisi ni kubwa kuliko hiyo, na kelele inabaki. Ukiikaza mpaka kelele iondoke kwenye chuma kilichochimbika, unacheza na bahati. Skrubu mpya ya tapeti ni kitu kidogo cha bei ndogo. Kama kishimo kiko kwenye roka au kwenye valvu, basi badilisha hicho.

Kwenye injini yenye kamshafti juu, chunguza cheni ya taimingi na kile kinachoikaza kabla ya kuzilaumu tapeti. Na popote pale chungulia oili. Injini hizi hubeba kama lita moja tu, inapotea bila mtu kugundua, na sehemu za juu ndizo za kwanza kukauka. Kumimina oili nzito ili kuficha mlio ni kuiziba mdomo injini. Nafasi inabaki vilevile, na asubuhi oili nzito huchelewa kupanda kule juu ambako inahitajika zaidi.

Na ile habari ya petroli?

Wazee wenye pikipiki za zamani za Kiingereza hupenda kusema petroli ya siku hizi inakula valvu. Kuna ukweli ndani yake, ila umetolewa mahali pake. Zamani petroli ilitiwa risasi, na risasi hiyo iliacha utando uliolinda siti laini za injini zenye hedi ya chuma cha kusubu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, kwa sababu risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Injini za chuma laini kweli zilikosa kinga. Lakini hedi ya aluminiamu, kama ya CG na karibu pikipiki zote unazoziona barabarani leo, haiwezi kubeba valvu bila siti ya chuma kigumu iliyopachikwa. Kwa hiyo mwenye CG asinunue chupa za dawa ya kuchanganya kwenye tangi eti kuokoa valvu. Fedha hiyo inatosha fila, na chenji inabaki.

Kuhusu muda, vitabu vya pikipiki ndogo kama hizi huweka ukaguzi wa tapeti kila baada ya kilomita elfu chache, na 4,000 ni namba ya kawaida. Anayeendea kazini na kurudi anaweza kuimaliza kwa mwaka. Bodaboda wa kilomita 100 kwa siku anaimaliza kwa siku 40. Pikipiki mbili zilizonunuliwa siku moja, moja imestahili kupimwa mara tisa na nyingine mara moja, kwa hiyo tazama kilomita, usitazame umri.

Kazi tatu, bili tatu

Mkanganyiko unaowagharimu watu fedha nyingi ni wa kuchanganya kazi tatu zinazoitwa zote "kutengeneza valvu". Kuseti tapeti ndiko tulikokueleza: hedi haiguswi, hakuna spea inayolazimika isipokuwa pengine gasketi ya kifuniko, na fundi aliyezoea humaliza ndani ya saa moja. Kusaga valvu ni kufungua hedi, kutoa valvu, kupaka dawa ya kusagia na kuizungusha kwenye siti yake hadi zikae pamoja tena. Hapo gasketi ya hedi ni lazima. Kubadilisha valvu au siti ni hatua zaidi, na siti ni kazi ya karakana yenye mashine.

Zile namba ulizoandika ndizo zinazosema uko kwenye kazi ipi. Kama ekzosi ilikuwa 0.08, baada ya kilomita elfu chache ikawa 0.04, ukairudisha, na safari hii ukakuta sifuri kabla hata muda haujafika, acha kuzungusha skrubu. Valvu inazama au inaungua, na kila ukiiseti unanunua siku tu. Vilevile ikiwa nafasi inapanuka haraka kila mara, kamshafti au pushirodi imeanza kwenda, na chunguza kama oili inafika juu.

Ikifikia hedi kufunguliwa, kuna jaribio ambalo kila mteja ana haki ya kuliomba, na halina mashine. Valvu zikiwa zimesagwa na kufungwa na springi zake, hedi inalazwa ubavu mezani, tundu likitazama juu, na petroli kidogo inamiminwa kwenye tundu la ekzosi, kisha la inleti. Chungulia upande wa chemba ya mlipuko, kwenye mduara ambapo valvu inakutana na siti. Pakibaki pakavu kwa dakika kadhaa, valvu imekaa, hedi irudishwe. Petroli ikijikusanya ukingoni na kutona, kusaga hakujaisha, hata kama fundi ameshachukua gasketi mkononi.